Vipindi vya ukavu katikati ya mvua upande wetu wa Ziwa Victoria: vinarefuka kweli, au daftari langu linanidanganya?

Mwalimu Mstaafu (Misungwi)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Shule niliyofundisha hadi kustaafu, iliyo upande wa Misungwi, ina kipimamvua uwanjani tangu mwaka 1996, na daftari lake nililianzisha mimi mwenyewe kwa ajili ya somo la jiografia. Nilipoondoka niliruhusiwa kutoa nakala, na kwa kuwa sasa nina nafasi, nimekuwa nikiliingiza siku kwa siku kwenye kompyuta ya mjukuu wangu. Swali langu limezaliwa na kazi hiyo.

Kama wengi mnavyofahamu, eneo letu si kame. Mwanza hupata kiasi cha milimita 1,000 au zaidi kidogo kwa mwaka, hewa yake ina unyevunyevu karibu miezi yote isipokuwa ule ukavu wa Juni hadi Agosti, na mvua za vuli zinazoanza Oktoba hazikatiki kabisa kabla ya masika, bali hupungua tu Januari na Februari. Upungufu huo wa katikati ndio unaonishughulisha. Wakulima wa rika langu wanashikilia kwamba zamani jua la katikati ya msimu lilikuwa likiwaka siku nne au tano kisha mvua ikarudi, ilhali siku hizi linakaa wiki mbili na kuendelea, na mahindi ya vuli yanakauka wakati yanapotoa mbelewele, yaani wakati mbaya kuliko wote.

Nilipojumlisha mvua ya msimu mzima, kuanzia Oktoba hadi Mei, sikuona upungufu wowote wa kueleweka. Nilipoacha jumla na kuhesabu siku zilizofuatana bila mvua, picha ikabadilika: kuanzia msimu wa 2009 vipindi vya siku 10 na zaidi vimekuwa vingi kuliko vya nyuma, hasa vile vinavyoangukia Desemba na siku za mwanzo za Januari. Nilifurahi kama mtu aliyegundua jambo, kisha nikaingiwa na wasiwasi, kwa sababu ziwa linasema kinyume. Mei 2020 maji yalipanda hadi kuvuka kidogo kilele cha mwaka 1964, na Mei 2024 yakavuka tena. Mialo ikazama na watu wakahama. Inawezekanaje ziwa lifurike katika miaka ileile ambayo mahindi yangu yanakufa kwa kiu?

Ninaomba wenye ujuzi wanisaidie mambo mawili. Kwanza, nihesabu vipi vipindi hivi ili mtu mwingine akihesabu apate jibu lilelile? Pili, je, mwelekeo ninaouona ni wa kweli, na unaonekana pia katika vituo vingine vya kanda hii?

---

Kipimo cha Saa Tatu

Mwalimu, shikamoo. Swali lako limekaa vizuri kuliko mengi ninayoyaona hapa, kwa sababu umetenganisha jumla ya mvua na mtawanyiko wake. Watu wengi huishia kwenye jumla. Msimu wenye milimita 700 zilizotawanyika kila baada ya siku tatu, na msimu wenye milimita 700 zilizoshuka kwa mafuriko manne, huonekana ndugu mapacha kwenye jedwali la jumla, lakini ghalani hawafanani hata kidogo.

Nianze na hesabu. Siku kavu si siku isiyo na tone. Kwa desturi ya wataalamu wa hali ya hewa, siku huitwa ya mvua ikiwa kipimo kimefika milimita 1, na chini ya hapo huhesabiwa kavu, kwa sababu vipimo vidogo kama milimita 0.2 hutegemea mno macho ya msomaji, umande, na hata saa aliyofika. Daftari ambalo msomaji wake wa kwanza alikuwa akiandika kila unyevu, na msomaji wake wa pili hajali vitone, litaonyesha ukavu unaoongezeka pasipo mbingu kubadilika. Ukiweka mpaka wa milimita 1 unaondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Baada ya hapo, amua msimu unaanza na kuisha lini kabla hujatazama matokeo, usije ukachagua tarehe zinazokupendeza. Kipindi kilichoanza Septemba, kabla mvua hazijatulia, si ukavu wa katikati ya msimu. Hicho ni kuchelewa kwa vuli, na kina sababu zake. Vilevile, usitegemee kile kipindi kirefu kimoja tu cha kila mwaka. Kipimo hicho kinatumika sana duniani na ni rahisi kukieleza, lakini kinayumba: siku moja yenye milimita 1.2 katikati inakata kipindi cha siku 18 kuwa viwili vya siku nane na tisa, na mwaka mzima unabadilika sura. Mimi hupendelea kuhesabu ni vipindi vingapi vilifika siku 7, vingapi siku 10, vingapi siku 14, na kuvitazama kwa pamoja.

Kuhusu saa ya kusoma, utaratibu ni saa 3 asubuhi, na kipimo hicho huandikwa kuwa cha siku iliyotangulia. Kama nyinyi mlikuwa mkikiandika tarehe ileile ya kusoma, usihangaike, maana kila kitu kimesogea siku moja na urefu wa vipindi haubadiliki. Kinachobadilisha urefu ni kutosoma.

Hapo ndipo nina swali, na ninaliuliza kwa heshima. Umesema ongezeko liko Desemba na mwanzo wa Januari. Shule zetu hufungwa mwanzoni mwa Desemba na kufunguliwa Januari. Je, shule ikifungwa, nani alikuwa akisoma kipimamvua? Na kuna jambo gani lililobadilika mwaka 2009?

---

Mbegu za Luseni (Kwimba)

Mwangaluka, Mwalimu, na wengine wote.

Sina daftari, nina ekari tatu za luseni, yaani udongo wa kichanga, na kipande cha mbuga, ule udongo mzito wa huko bondeni, kwa hiyo nitasema kuhusu udongo tu. Mnapohesabu siku bila mvua mnachukulia kwamba siku kumi ni siku kumi kwa kila mtu. Sivyo. Kwangu huku juu, siku kumi ni kifo. Kule mbugani kwenye majaruba, siku kumi ni usumbufu.

Ofisa ugani mmoja alinifanyia hesabu hii kwa fimbo mchangani na sijaisahau. Udongo wa kichanga hushika kati ya milimita 60 na 100 za maji yanayofaa kwa mmea katika kila mita moja ya kina. Mahindi ya umri wa kutoa mbelewele, mizizi yake ikiwa imeshuka nusu mita tu kwa sababu chini kuna mwamba uliooza, yana milimita 30 hadi 50 za kutumia, na huanza kuumia yakishamaliza karibu nusu yake. Jua la Januari na upepo huondoa takriban milimita 5 kwa siku kupitia udongo na majani. Gawanya mwenyewe: siku tatu hadi tano, na shamba limeanza kulia. Saa nne asubuhi majani yanakuwa yamejikunja kama sigara, jioni yanafunguka, kesho yake yanajikunja mapema zaidi. Siku yakibaki yamejikunja hadi alfajiri, ujue punje umeshazipoteza, hata mvua ikinyesha mchana wake.

Kwa hiyo hata kama vipindi vya ukavu havijarefuka kwa siku moja, ukavu wa leo unaweza kuwa mkali kuliko wa mwaka 1996, kwa sababu joto limepanda na hewa yenye joto hunyonya maji kwa nguvu zaidi. Mkulima anayesema "jua la zamani lilikuwa siku tano" huenda hakuwa akihesabu siku, alikuwa akihesabu maumivu ya shamba. Mpaka wa milimita 1 uliotajwa hapo juu unafaa kwa takwimu, lakini kwangu milimita 1 hailowanishi hata vumbi la juu. Mimi naanza kuhesabu mvua kuanzia milimita 5.

---

Kipimo cha Saa Tatu

Ndugu yangu wa Kwimba amenipiga mahali panapostahili. Mwalimu, ongeza safu ya pili yenye mpaka wa milimita 5, uhesabu upya. Safu ya kwanza itakuwezesha kujilinganisha na vituo vingine, na ya pili itasema lugha ya shamba. Zikikubaliana, una jambo. Zikipingana, usichague ile iliyo nzuri, zitaje zote mbili.

---

Binti wa Mwaloni

Naomba nichangie kidogo, ingawa mimi silimi. Ninaanika dagaa.

Sisi huhesabu kinyume chenu. Kipindi cha siku kumi bila mvua, kikiangukia giza la mwezi wakati karabai zinashika vizuri, ndicho kinachotulipia ada za watoto. Mvua ikija dagaa wakiwa kwenye chanja, tunakimbia na maturubai, na wasipopata jua kesho yake wanaanza kuwa wekundu na kutoa harufu, bei inashuka hadi ya chakula cha kuku.

Ninachotaka kumwambia Mwalimu ni hiki. Kuna usiku mwingi ambao wavuvi hurudi wakiwa wameloa chapachapa, wamepigwa na radi na mvua ya mawe huko kwenye maji makuu, nasi huku nchi kavu tumelala kwenye vumbi. Unasimama mwaloni saa kumi na moja alfajiri unaona ukuta mweusi ukimulikwa na umeme upande wa Ukerewe, na jua linapochomoza ukuta umeyeyuka bila kutufikia. Kama ziwa linajaa wakati wenu wa ukavu, mimi sishangai. Linanyeshewa lenyewe.

---

Takwimu Tu

Dada wa Mwaloni amekwisha kueleza kwa macho kile ambacho vitabu hukieleza kwa michoro, nami nitaongeza tarakimu chache.

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na karibu asilimia 80 ya maji yanayoliingia si ya mito, ni mvua inayoshuka moja kwa moja juu yake. Kagera, Mara, Nzoia, Simiyu na mito mingine yote kwa pamoja hugawana sehemu iliyobaki. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani kwenda bara na mawingu yakajenga mbali na ufuko alasiri. Usiku mambo hugeuka: upepo wa nchi kavu huteremka kutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, hewa ya joto na unyevu ikapandishwa, na dhoruba zikazaliwa hapo hadi alfajiri. Kwa kuwa pepo za jumla huvuma zaidi kutoka mashariki, dhoruba hizo husukumwa kuelekea magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Musoma, iliyo upande wa pili wa maji yaleyale, haifiki nusu yake. Kati ya miji hiyo miwili kuna ziwa moja tu, wala si mlima.

Somo la hapo kwa Mwalimu ni kwamba kina cha ziwa hakiwezi kuwa shahidi wa shamba la Misungwi. Kina hukusanya mvua ya eneo kubwa kwa miezi na miaka, hutegemea pia maji yanayoruhusiwa kutoka Jinja, Uganda, ambako Nile hutokea ziwani, na hakijui kabisa kama mvua ilikuja kila siku tatu au kwa mkupuo. Mwaka 2006 ziwa lilishuka sana, na wengi walidhani ni ukame peke yake, kumbe ukame ulichangia na utoaji mkubwa wa maji kupitia mabwawa ya Jinja ukachangia vilevile.

Sasa kuhusu mwelekeo wa muda mrefu. Daftari la Mwalimu linaanza mwaka 1996, na mara moja, katika msimu wake wa pili, linakutana na El Niño ya 1997/98, mvua ambazo kila mwenye umri anazikumbuka kwa madaraja yaliyokwenda na maji. Ukianza mstari juu ya kilima, utateremka tu, hata kama nchi iliyobaki ni tambarare. Upande wa pili, ukiumalizia mstari wako kwenye vuli ya 2019, ambayo ilinona kwa sababu Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, utapanda. Jaribio dogo la uaminifu ni kuondoa misimu mitatu ya mwanzo, kisha mitatu ya mwisho, na kutazama kama mwelekeo unabaki na ishara ileile. Mwelekeo unaokufa kwa kuondolewa mwaka mmoja haukuwa mwelekeo.

Kwa kupima rasmi, tumia jaribio la Mann-Kendall, ambalo halidai takwimu ziwe na umbo fulani na halitishwi na mwaka mmoja wa ajabu, pamoja na mteremko wa Sen kwa ajili ya kukadiria ni siku ngapi kwa muongo. Lakini ukubali mapema kwamba misimu 28 ni michache. Mabadiliko ya mwaka hadi mwaka katika kanda hii ni makubwa kiasi kwamba hata mwelekeo wa kweli unaweza kushindwa kujitokeza, na jaribio likisema halijaona kitu halijasema kwamba kitu hakipo.

Kikanda, jambo lililothibitishwa vizuri ni kuhusu masika. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mvua hizo zilipungua tangu miaka ya 1980 hadi karibu mwaka 2010, zikichelewa kuanza na kuwahi kukoma, na baadaye zikarudi kwa nguvu katika baadhi ya miaka kama 2018 na 2020. Wakati huohuo mifumo mingi ya kompyuta ya tabianchi inatabiri kwamba mvua zetu zitaongezeka, na mgongano huo watafiti wameuita kitendawili cha tabianchi cha Afrika Mashariki. Anayekuja hapa na jibu la sentensi moja, liwe "mvua zinaisha" au "mvua zinaongezeka", bado hajakitegua. Kilicho imara zaidi ni fizikia: kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba karibu asilimia 7 zaidi ya mvuke, kwa hiyo mvua ikija inaweza kuja kubwa, na ikikatika, hewa ina uwezo mkubwa zaidi wa kunyonya udongo. Jumla inaweza kukaa palepale huku pande zote mbili zikizidi ukali.

Kwa zile wiki za Januari hadi Machi, tazameni pia vimbunga vya Bahari ya Hindi. Upepo wetu wa kawaida ni wa mashariki, lakini zipo siku unapogeuka na kuvuma kutoka Kongo, na siku hizo kwa kawaida ndizo zenye mvua nzuri huku ziwani. Kimbunga kikikaa mashariki ya Madagaska kinaweza kuvuta upepo huo wa magharibi hadi kwetu. Kikikaa upande wa Msumbiji kinaweza kuuchukua unyevu na kutuachia anga tupu; Machi 2019, Idai ilipokuwa ikiangamiza Beira, masika ya huku kwetu yalichelewa sana kushika. Vipindi vingi vya ukavu vina sababu ya aina hiyo, ya wiki mbili au tatu, na huwezi kuvisoma kwenye wastani wa mwezi.

---

Mbegu za Luseni (Kwimba)

Kijana wangu ananiambia kuna takwimu za setilaiti za bure tangu mwaka 1981, kila mraba wa kilomita tano. Si Mwalimu angezitumia hizo tu akapumzika na daftari?

---

Kipimo cha Saa Tatu

Azitumie kwa kulinganisha, asizitumie kuhesabu siku. Nadhani mnazungumzia CHIRPS. Takwimu hizo hutengenezwa kwanza kwa vipindi vya siku tano, kwa kuunganisha joto la vilele vya mawingu na vipimo vya vituo vya ardhini, halafu ndipo hugawanywa siku kwa siku kwa kutumia makadirio ya kompyuta. Mgawanyo huo wa mwisho ni kama kugawa sadaka ya kijiji kwa kukisia: jumla ni sahihi, lakini nani alitoa ngapi hujui. Kwa vipindi vya siku tano zinasaidia sana, na ukihesabu vipindi vya siku tano vinavyofuatana vyenye chini ya milimita 5 utapata kitu cha kulinganisha na daftari. Zaidi ya hapo, Ukiriguru pana kituo cha utafiti wa kilimo tangu miaka ya 1930 na kiko wilaya yako hiyohiyo, Mwalimu, na uwanja wa ndege wa Mwanza pana kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa. Omba takwimu za siku kwa barua. Ila ukumbuke uwanja wa ndege uko ufukweni, na mvua yake ya alfajiri si lazima iwe yako.

Bado ninangoja jibu la Desemba.

---

Mwalimu Mstaafu (Misungwi)

Marahaba, na mniwie radhi kwa kuchelewa. Sikutaka kujibu kwa kukisia, nilikwenda shuleni.

Jibu la Desemba ni la aibu kidogo. Hadi mwaka 2008 niliishi katika nyumba ya walimu, hatua hamsini kutoka kwenye kipimamvua, na likizo au si likizo nilikuwa nikitoka na kikombe cha chai saa 3 asubuhi kwenda kukisoma. Mwishoni mwa mwaka huo nilihamia kwangu Usagara. Kuanzia hapo daftari liliachwa mikononi mwa wanafunzi wa zamu, na shule ikifungwa hakuna aliyepewa kazi hiyo. Nafasi zilibaki tupu, na mimi, nilipokuwa nikinakili kwenye kompyuta, kila nafasi tupu niliijaza sifuri. Sifuri hizo nimeziweka mwenyewe kwa mkono wangu.

Kilichonishtua zaidi ni mstari mmoja wa Januari 2014, siku ya kufungua shule: milimita 118. Nilikuwa nimeuzungushia duara kama mvua kubwa kuliko zote za muongo ule. Haikuwa mvua ya siku moja, ilikuwa likizo nzima imekusanyika kwenye chupa. Kumbe ndiyo sababu jumla ya msimu haikupungua huku vipindi vya ukavu vikirefuka: maji yaliandikwa yote, ila yaliandikwa siku moja. Mistari ya namna hiyo nimeipata misimu sita.

Nimezifuta sifuri za likizo na kuziacha tupu, na Desemba zote kuanzia 2009 nimeziondoa kwenye hesabu. Ongezeko lile lililonifurahisha limeyeyuka karibu lote. Limebaki jambo dogo la Februari, ambako vipindi vya siku 10 vinaonekana kuongezeka kidogo kwa mpaka wa milimita 1 na kidogo zaidi kwa mpaka wa milimita 5. Nilipoondoa misimu ya mwanzo kama mlivyoelekeza, ishara ilibaki ileile, lakini jaribio la Mann-Kendall halikuipitisha. Nitaandika hivyo hivyo.

Tena kuna la mwembe. Nilipoupanda ulikuwa wa magoti, leo umefika kimo cha paa la darasa mara mbili, na tawi lake moja limeinama hadi karibu mita tatu kutoka kwenye kipimamvua. Mvua nyepesi inayokuja na upepo wa kutoka upande huo inakingwa. Mnaona wenyewe mwembe unatengeneza siku kavu za aina gani: zile hasa za milimita 1 na 2.

---

Kipimo cha Saa Tatu

Mwalimu, mgonjwa anayejieleza hivi anampunguzia daktari nusu ya kazi. Kuhusu mwembe, kanuni ni kwamba kizuizi chochote kikae mbali na kipimamvua angalau mara mbili ya kimo chake, na mara nne ni bora zaidi. Usiukate na usikihamishe kipimamvua ghafla. Tafuta cha pili, ukiweke uwanjani mahali wazi, visomwe vyote viwili kwa misimu miwili au zaidi, ndipo utajua mwembe umekuwa ukila kiasi gani na utaweza kuisahihisha miaka ya karibuni bila kubahatisha. Ukurasa wa kwanza wa daftari andika kila badiliko: nani alisoma, kuanzia lini, kipimo kilikuwa wapi.

Februari yako usiitupe. Ilinganishe na Ukiriguru. Kituo jirani chenye wasomaji wa kudumu kikionyesha ishara ileile, nguvu ya jambo itakuwa kubwa kuliko jaribio lolote la daftari moja.

---

Mwalimu Mstaafu (Misungwi)

Barua ya Ukiriguru nimeipeleka jana. Mwembe ni wa shule, na watoto wasingenisamehe, kwa hiyo kipimamvua cha pili tumekiweka upande wa uwanja wa mpira, nyuma ya goli, na kukizungushia miba.

Kwa siku za likizo nimepatana na mlinzi wa usiku, ambaye huondoka saa 3 asubuhi hiyohiyo, na vocha ya simu ya kila mwezi ni juu yangu. Ameshaandika siku nne. Tatu ni tarakimu safi, na ya nne ameandika kwa herufi kubwa: "MANYUNYU, HAYAPIMIKI." Niiweke sifuri, au niiache hivyo?

---

Kipimo cha Saa Tatu

Kwenye hesabu ni chini ya milimita 1, kwa hiyo siku kavu. Kwenye daftari, acha maneno yake kama yalivyo.